Rafu ya uchumi wa kisiasa: bado Juzuu ya Pili ya Das Kapital

Jumamosi. Nilikwenda Chikongola, hapa Mtwara, kutafuta tyubu ya baiskeli, nikarudi na Adam Smith. Mama muuza karanga alikuwa anakichana The Wealth of Nations, kile kitabu cha Smith cha uchumi cha 1776, ukurasa mmoja mmoja, anafungia.

"Shikamoo mama. Hicho kitabu unakiuza?"

"Marahaba mwanangu. Hiyo karatasi tu, lete elfu mbili."

Faharasa yote ilishaondoka na wateja. Bandari ya mji huu Waingereza waliijenga kwa sababu ya mradi wao wa karanga kule Nachingwea, ukafa 1951. Naona karanga zimelipiza kisasi.

Sura ya kwanza imesalimika, na ndiyo niliyokuwa naitaka: kiwanda cha pini, watu kumi wamegawana kazi, kwa siku wanatoa pini zaidi ya 48,000. Jioni niliwasimulia majirani zangu wanaobangua korosho, maana nao wamegawana hivyo hivyo: huyu anapasua, yule anamenya ganda la ndani, mwingine anachambua nzima na vipande. Bibi mmoja akauliza bila kuinua kichwa, "Na hao kumi walilipwa ngapi?" Nikapekua. Sura hiyo haisemi. Mambo ya ujira Smith kayaweka huko sura ya nane.

Jumanne. Leo ni zamu ya Das Kapital ya Karl Marx, Juzuu ya Kwanza, chapa ya Progress ya Moscow, tafsiri ileile ya Moore na Aveling ya 1887. Kilinunuliwa na ukungu wake. Hapa pwani kitabu ukikisahau ukutani msimu mmoja wa mvua, umekipoteza. Sikukianika juani, karatasi ingekauka ikawa inavunjika kama chapati ya jana. Nilikiweka kivulini mbele ya feni siku tatu, na gazeti katikati ya kurasa. Mgongo nikaubandika kwa uji wa ngano. Hilo lilikuwa kosa. Mende waliufikia usiku uleule. Nimebandika upya kwa gundi ya seremala, na rafuni nimetandaza majani makavu ya mwarobaini.

Mwenyewe wa zamani aliandika pembeni kwa penseli. Pale Marx anapolinganisha yadi 20 za kitani na koti moja, yeye kakata kitani, kaandika "korosho", halafu alama ya kuuliza. Kurasa chache mbele penseli inakoma. Simlaumu, sura hiyo imenishinda mara mbili.

Ijumaa. Juzuu ya Tatu, ile ya 1894, imefika kwa basi kutoka Dar, kona moja imelowa. Iliyobaki ni ya Pili, ambayo Engels, rafiki wa Marx, aliiunga kutoka kwenye miswada na kuitoa 1885, Marx akiwa ameshafariki miaka miwili. Ndiyo inayoeleza mtaji unavyozunguka, na ndiyo haijazunguka ikafika Kusini. Muuzaji wa Dar anayo, ila hataki kuivunja seti: nichukue zote tatu au niache. Nafasi yake nimeweka tofali.