Matamasha ya majira ya joto Chicago: uketi wapi, ufike saa ngapi, urudi vipi

Ukimuuliza mtu wa Chicago tamasha kubwa la majira ya joto ni lipi, mara nyingi atakutajia Lollapalooza, la muziki wa roki, pop na hip-hop. Kubwa ni kubwa kweli: siku nne nzima Grant Park, mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, tiketi ghali, na treni zote za katikati ya mji zimejaa vijana. Kama una mashabiki wa muziki huo nyumbani na fedha ipo, waache waende. Lakini familia ya watu sita inayoishi kwa mshahara mmoja au miwili haina haja ya kuangalia tiketi hizo hata mara moja. Muziki mzuri kuliko wote mjini humu kati ya Juni na mwanzo wa Septemba ni wa bure, na hakuna anayekudai senti mlangoni. Kinachowaponza wageni ni kufika saa isiyofaa, kuketi mahali pabaya na kuja na gari.

Tuanze na Millennium Park, maana ukiielewa bustani hii umeshaelewa nusu ya majira ya joto. Jukwaa lake, Jay Pritzker Pavilion, lilibuniwa na Frank Gehry na bustani ikafunguliwa 2004. Mwezi Juni hapo ndipo panapofanyika Chicago Blues Festival, iliyoanza 1984. Wikiendi ya Labor Day, yaani ile inayoishia Jumatatu ya kwanza ya Septemba, ni zamu ya Chicago Jazz Festival. Katikati, kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Agosti, ni Grant Park Music Festival: okestra kamili ya muziki wa klasiki, inayopiga bure tangu 1935, kwa kawaida jioni za Jumatano, Ijumaa na Jumamosi.

Mbele ya jukwaa kuna viti 4,000 vya kudumu, na nyuma yake uwanja wa nyasi unaochukua watu 7,000 hivi. Wageni wengi hukimbilia viti. Usiku wa okestra safu za mbele huwa za wanachama waliolipia, kwa hiyo tazama alama kabla hujaketi, usije ukainuliwa na watoto wako mbele za watu. Ukiniuliza mimi, nyasi ni bora, mradi ujue uketi sehemu gani. Juu ya nyasi kuna mabomba ya chuma yaliyopindwa na kupishana kama wavu wa mvuvi. Wengi hudhani ni urembo tu, kumbe ndiyo yanayobeba spika. Sauti ya spika hizo hucheleweshwa kwa sehemu ndogo ya sekunde ili ikufikie pamoja na ile inayotoka jukwaani, ndiyo maana aliye mbali bado husikia fidla vizuri bila kupigiwa kelele. Ukikaa chini ya mabomba, kuelekea katikati, unapata faida hiyo yote. Ukikaa pembeni kabisa unapata muziki uliochanganyika na mabasi ya Michigan Avenue.

Kuna na suala la jua. Ukilitazama jukwaa unaelekea kaskazini, kwa hiyo magharibi iko mkono wako wa kushoto, na magharibi ndiko yaliko maghorofa ya Michigan Avenue. Kivuli huanza upande wa kushoto na kusogea taratibu kuelekea kulia. Ukifika saa kumi na moja jioni na mtoto mchanga au mzee, nenda kushoto. Chukua mkeka wa plastiki, ule wa madukani kwetu, maana hauloweki ukikuta nyasi bado zina umande wa mvua ya mchana. Kiti kirefu acha nyumbani: aliye nyuma yako hataona kitu na atakuambia hivyo.

Langoni mizigo hukaguliwa, kwa hiyo ongeza nusu saa kwenye mahesabu yako siku ya blues. Chakula chako unaruhusiwa kuingia nacho. Pombe ni jambo jingine: usiku wa okestra watu huja na chupa zao za mvinyo na hakuna anayewasumbua, lakini kwenye blues na jazz ukileta ya nje utaiacha langoni. Kanuni moja inawashtua wazazi wengi: tangu 2022, kuanzia saa kumi na mbili jioni, Alhamisi hadi Jumapili, mtoto aliye chini ya miaka 18 haingii Millennium Park bila mtu mzima wa miaka 21 au zaidi. Ukimtuma kijana wa miaka 16 na wadogo zake watangulie kukushikia nafasi, watarudishwa langoni.

Wenye haraka au wenye watoto wasiotulia wana njia nyingine. Okestra hiyo hufanya mazoezi hapo hapo jukwaani mchana wa siku za kazi, na mtu yeyote anaweza kuketi na kusikiliza. Wanapiga kipande, wanasimama, kondakta analalamika, wanarudia. Mtoto hujifunza zaidi hapo kuliko kwenye onyesho lenyewe, na akilia unaondoka bila kuona haya.

Kuhusu usafiri, gari halina maana. Maegesho ya chini ya bustani yapo lakini bei zake siku ya tamasha ni za kukatisha tamaa, na kutoka huchukua muda mrefu kuliko kuingia. Treni za Brown, Green, Orange, Pink na Purple husimama Washington/Wabash, hatua chache tu kutoka langoni. Red Line shuka Lake au Monroe. Kurudi ndiko kwenye ujanja. Onyesho likiisha, maelfu ya watu humiminika kwenye vituo hivyo hivyo viwili vya Red Line. Kama unarudi kaskazini, Uptown au Rogers Park, tembea dakika chache hadi kituo cha Jackson. Treni ya kaskazini hupita Jackson kwanza, halafu Monroe, halafu Lake, kwa hiyo unaingia ikiwa bado na nafasi, na wengine wanakukuta umeshaketi. Anayekwenda kusini afanye kinyume chake, apandie Lake. Jukwaa la kungojea treni chini ya ardhi kati ya Lake na Jackson limeungana mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo hata mvua ikinyesha unaweza kutembea humo ndani.

Na mvua itanyesha. Juni jioni upepo wa Ziwa Michigan bado ni wa baridi kwa sababu maji hayajapata joto, hivyo aliyetoka nyumbani na fulana atatetemeka ikifika saa mbili usiku. Sweta moja kwa kila mtu, bila mjadala. Julai na Agosti tatizo ni dhoruba za radi, ambazo hutokea magharibi na kufika haraka. Mwaka 2012 Lollapalooza nzima ilihamishwa kutoka uwanjani kwa sababu hiyo. Ukisikia ngurumo usingoje tangazo. Mabomba ya chuma juu ya kichwa na miti si mahali pa kujikinga. Nenda ndani ya jengo au shuka kituoni. Joto nalo si la kudharau. Julai 1995 liliua zaidi ya watu 700 mjini humu, wengi wao wazee waliokuwa peke yao nyumbani. Siku ya nyuzi 35 mzee asiletwe kwenye tamasha la saa saba mchana hata kama ndiye anayelipenda kuliko wote.

Jumamosi ya pili ya Agosti, nenda Bud Billiken. Ni gwaride la watu weusi wa Upande wa Kusini, lililoanzishwa 1929 na Robert S. Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, kwa ajili ya watoto waliokuwa wakiuza gazeti hilo. Leo ndilo linaloaga likizo na kufungua mwaka wa shule. Huanza kama saa nne asubuhi kwenye King Drive, karibu na Mtaa wa 39, na kwenda kusini hadi Washington Park. Yapo magari yaliyopambwa na wanasiasa wanaopunga mikono, lakini hao unaweza kuwaruka. Watu huja kwa ajili ya vikosi vya ngoma na vya kurusha bendera, South Shore Drill Team wakiwa mbele, vijana wanaotupa bunduki za mbao hewani na kuzidaka bila kuzitazama, huku nyuma yao ngoma kumi na tano zikipigwa kana kwamba ni kwa mkono mmoja.

Familia za hapo huweka mahema na majiko ya mkaa kwenye nyasi za kando ya barabara alfajiri, wengine tangu usiku. Usisogeze kamba ambayo mtu amezungushia nafasi yake. Ukifika saa tatu asubuhi, usigombanie sehemu za mwanzo. Shuka chini zaidi, kati ya Mtaa wa 47 na wa 51, ambako kuna nafasi zaidi, ingawa gwaride litachelewa kukufikia. Panda Green Line yoyote inayokwenda kusini, kwa kuwa njia zake mbili hazigawanyiki hadi ipite Garfield, na vituo vya Indiana, 43rd, 47th na 51st vyote viko mwendo mfupi magharibi ya King Drive. Mabasi usiyategemee, barabara zimefungwa.

Agosti hiyo hiyo kuna Air and Water Show, maonyesho ya ndege juu ya ziwa, kitovu chake kikiwa North Avenue Beach. Ni bure, na Ijumaa ya mazoezi ndege huruka karibu vile vile huku ufuo ukiwa na watu wachache. Mawingu yakishuka chini juu ya ziwa, onyesho hukatwa au kufutwa. Lakini la kusema hasa ni hili: ndege za kivita hupita chini sana juu ya makazi kuanzia siku hizo za mazoezi, na upande wa kaskazini wa mji una ndugu wengi waliokimbia vita Kongo. Watoto na wazee waliowahi kusikia milipuko hushtuka vibaya, na wengine hujificha chini ya vitanda. Waambieni mapema kwamba Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ile kutakuwa na kelele hizo, ni mchezo, na zitakwisha alasiri. Fataki za Nne Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, zinahitaji onyo lile lile, tena zaidi, kwa sababu majirani huzirusha hadi usiku wa manane.

Kila wikiendi kuna pia sherehe za mitaa: barabara inafungwa, vibanda vinapangwa, jukwaa upande mmoja. Midsommarfest ya Andersonville mwezi Juni ni maarufu, Fiesta del Sol ya Pilsen mwishoni mwa Julai imekuwepo tangu 1972 na chakula chake cha Meksiko kinastahili safari. Penye lango utakuta watu wamevaa fulana zinazofanana wakiomba dola tano, kumi, wakati mwingine zaidi. Huo ni mchango. Barabara ni mali ya umma, hawana haki ya kukuzuia usipotoa. Hata hivyo michango hiyo ndiyo inayolipa wanamuziki, ulinzi na usafi, na waandaaji wamekuwa wakilia kwamba inapungua. Mwenye nacho atoe. Asiye nacho apite huku akisalimia, hana sababu ya kuinamisha kichwa.

Nje ya mji, Ravinia iliyoko Highland Park hulipiwa, ila tiketi ya nyasi ni nafuu kuliko ya viti. Ilifunguliwa 1904, na Chicago Symphony Orchestra hupiga huko kila majira ya joto tangu 1936. Jambo linalowaudhi wageni: ukiwa kwenye nyasi, jukwaa hulioni. Unasikia kwa spika tu. Watu huenda kula na kuzungumza, wakabeba meza fupi, mishumaa, kuku wa kuchoma na mapipa ya barafu. Sambusa na pilau zinakaa vizuri kabisa katika mpango huo. Mbu wapo, leta dawa. Treni ya Metra, njia ya Union Pacific North, husimama langoni kabisa, na aliye Rogers Park hana haja ya kwenda kwanza katikati ya mji, kwa kuwa njia hiyo ina kituo Rogers Park pia. Tazama ratiba kwa makini, hasa ya kurudi, kwa sababu si kila treni husimama kila kituo.

Mwisho wa msimu ni African Festival of the Arts, Washington Park, wikiendi ya Labor Day. Kiingilio kipo. Kuna ngoma, mavazi, vikapu, vinyago, mafuta ya shea na vitambaa vya kila aina, na moshi wa nyama choma unaoukuta kabla hujafika langoni. Shuka Garfield kwa Green Line utembee mashariki. Kama unakwenda kwa ajili ya muziki na watu, Jumamosi na Jumapili jioni ndizo zenye uhai. Kama unakwenda kununua, zunguka vibanda vyote kwanza bila kutoa pochi, uulize bei ya kitambaa kile kile mahali patatu, kisha urudi Jumatatu alasiri: muuzaji aliyetoka mbali na gari limejaa hana hamu ya kurudi na mzigo, na punguzo alilokukatalia Jumamosi mtalizungumza.