Siku moja na flashi tano, Mlandege, Unguja

Saa mbili na nusu asubuhi nafungua duka langu la ufundi wa kompyuta, nafagia, chai na chapati ya jana. Tangu usiku kompyuta yangu inahamisha picha za bi harusi mmoja kutoka kwenye diski inayokufa. Ikikatika hapa katikati, sijui kama diski ile itaamka tena. Kwa hivyo leo mashine haizimwi wala hairistatiwi, iwe iwavyo.

Saa tatu mpaka saa tano: windo mbili (yaani kuweka Windows), chaji tatu, kioo kimoja.

Saa tano na robo anaingia maalim wa skuli ya shamba na flashi tano. Anataka Windows 10 kwa laptopu za skuli, maana zimezeeka, haziiwezi 11. Flashi nazitengeneza kwa Rufus, programu ya kuandika Windows kwenye flashi, kwenye laptopu ya pembeni, kisha nazijaribu kwenye kompyuta pepe, yaani kompyuta inayowaka ndani ya dirisha la kompyuta yangu. Natumia programu ya QEMU. Kwanza natazama ukubwa: flashi ya 16GB inasoma 14 na ushei, hiyo ndiyo kompyuta yangu imeipa jina sdb. Nikikosea herufi moja nikaandika sda, naigusa diski yangu mwenyewe. Kwenye amri naongeza na neno -snapshot, ili majaribio yasiandike kitu kwenye flashi ya mtu.

Dirisha jeusi, kisha nembo, kisha ukurasa wa kuchagua lugha.

"Tayari, Maalim."

"Tayari vipi na mashine hujaizima? Flashi ya windo si mpaka kompyuta iwake upya?"

Nikamweleza. Hakukubali. Amesimama nyuma yangu, pumzi yake naisikia sikioni. Nikamweleza tena, na picha za bi harusi nikamwonesha. "Mie nataka kuona inawaka kweli, si hiyo sinema yako." Wateja wawili wakacheka. Nilikasirika, sisemi uongo. Nikazipitisha zote tano, nikamkabidhi. Kwenye begi alikuwa na laptopu moja ya skuli. Akachomeka flashi ya kwanza palepale juu ya kaunta.

Haikuiona flashi. Ya pili vilevile.

"Ehe, fundi?"

Jana nilimhudumia mtu wa kompyuta kongwe ya mezani, nikaiacha Rufus kwenye MBR na BIOS, yaani mpangilio wa diski na njia ya kuwaka vya kizamani. Na QEMU usipoiambia kitu huwaka kwa BIOS ya kizamani. Kosa likakutana na kosa mwenzake, wakapatana. Laptopu ya Maalim imewekwa UEFI, njia mpya ya kuwaka, peke yake. Nilitakiwa kuipa QEMU faili la OVMF, lenye UEFI hiyo, ndipo iwake kama laptopu za siku hizi. Najua hayo miaka.

Basi tano zote upya, kwa GPT, mpangilio mpya unaokwenda na UEFI. Flashi zenyewe za bei rahisi, kuandika moja mpaka mtu asinzie. Adhuhuri ikapita, nikaswali mbiombio, urojo nikaula umeshapoa. Ya tatu ilikataa kati, nikaianza tena. Maalim kakaa kwenye stuli, kimya, na kimya chake kinaniuma kuliko maneno. Kila moja nikaipitisha kwenye OVMF, kisha kwenye laptopu yake, bila kuambiwa.

Sijui ilikuwa saa ngapi alipoondoka kukimbilia gari la shamba la mwisho. Kalipa zote tano. Nilimpunguzia, akakataa.

Usiku. Picha za bi harusi zimefika asilimia 83. Nimefunga mlango, kompyuta nimeiacha inawaka, na kwenye swichi ya ukutani nimebandika karatasi: USIZIME.