Jembe kwanza, fyekeo baadaye: kuongoza kikosi cha vijana kwenye njia za Udzungwa

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilitangazwa mwaka 1992. Ina kilomita za mraba 1,990 na haina barabara ndani yake. Anayetaka kuiona hutembea. Njia ya kilele cha Mwanihana peke yake ni kilomita 38, siku tatu kwa miguu. Kikosi kinachokwenda kutengeneza njia hizo hubeba kila kitu mgongoni au kichwani, na mpini wa sululu ukisahaulika Mang'ula, kwenye lango la hifadhi, hakuna bodaboda ya kuuleta.

Mkabidhi kijana wa miaka 20 fyekeo asubuhi, na jioni atakuonyesha mita mia tatu zilizosafishwa huku kifua kimemvimba. Ana haki ya kujivunia, ila hiyo si kazi iliyowaleta. Majani humsumbua mpita njia, lakini maji huichukua njia yenyewe. Yakishapata mkondo katikati ya mapito, msimu mmoja wa masika unatosha kuacha mtaro wa kufika magotini. Watu wataukwepa kwa kukanyaga pembeni, na mwakani mtakuwa na mitaro miwili. Kwa hiyo siku ya kwanza tangulia na jembe na vijana watatu, mkague maji yanaingia wapi na yanatakiwa kutokea wapi. Wafyekaji waje nyuma.

Kikosi cha watu wanane kinatosha, mbali na askari wa hifadhi mwenye silaha, kwa sababu humo mna tembo na nyati. Mapanga manne, fyekeo mbili, majembe matatu, sululu mbili, sepeto mbili, mtaimbo mmoja, shoka moja, msumeno wa watu wawili, kabari nne, nyundo, na tupa tatu za kunolea. Tupa moja haitoshi. Ikipotea kwenye majani siku ya pili, wiki nzima mtakata kwa vyuma butu, na chuma butu ndicho kinachoteleza na kuingia kwenye muundi wa mtu. Kata pia kamba ya mita 10 na uchukue kile kipimamaji kidogo cha mafundi wa ujenzi cha kuning'iniza kwenye uzi. Ukiivuta kamba ikalala sawa, ncha ya juu ikigusa ardhi, na upande wa chini ikawa mita moja juu ya ardhi, mteremko ni asilimia 10. Njia ya udongo inayozidi hapo haitulii. Hata chini ya hapo, mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa mlima wenyewe, la sivyo maji yataona ni rahisi kuifuata njia kuliko kuikatiza.

Mapito yenyewe yawe na upana wa sentimita 60 hadi 90, yameinama kidogo upande wa bondeni: sentimita 3 kwa kila 60. Jicho linadanganya hapa, hasa mlimani ambako kila kitu kimelala upande. Mwaga maji ya chupa katikati ya mapito. Yakivuka na kushuka bondeni, sawa. Yakikufuata miguuni, rudia. Kosa linalojirudia ni lile tuta dogo la ukingo wa chini, ambalo hujengwa na miguu ya watu pamoja na udongo uliosukumwa na jembe la mvivu. Linaonekana kama ulinzi, kumbe limeyafungia maji ndani. Litolewe lote, udongo utupwe chini mbali, au ubebwe kuziba mashimo. Na ukichonga mlima kupanua njia, simama kwenye udongo mgumu uliochongwa; usipanue kwa kujaza udongo laini ukingoni, kwa kuwa mvua ya kwanza itaondoka nao, na pengine na mtu juu yake. Kijana mmoja kutwa asitarajiwe kuchonga zaidi ya mita 4 au 5 kwenye udongo wenye mizizi. Anayekuambia mita 20 hajachonga, amekwaruza.

Pale ambapo njia imeshakuwa mwinuko na haihamishiki, tengeneza kingamaji, yaani kizuizi cha kuyageuza maji yatoke njiani. Mabwana shamba wametufundisha neno hilo kwenye makinga maji ya shambani, na akili ni ileile. Bora zaidi ni la udongo mtupu: chimba bonde dogo lenye urefu wa mita 3 hadi 5 kwenye mapito, na udongo wake uwe kilima laini upande wa chini, uliopondwapondwa kwa miguu ya kikosi kizima. Mtu anapita bila kujua. Likiwa la gogo, gogo liwe na unene wa sentimita 15 hadi 20, theluthi mbili zizikwe, ncha moja izame kwenye ukingo wa mlima na nyingine ivuke ukingo wa bonde. Lilazwe mshazari, nyuzi 45 hadi 60 na mstari wa njia. Likikatiza njia kwa pembe mraba, maji yanatulia, yanaacha mchanga, na baada ya mvua chache gogo limefukiwa, maji yanaruka juu. Mlango wa kutokea uwe na upana wa mita moja, uendelee mpaka maji yakishatoka yasipate sababu ya kurudi. Kwenye mteremko wa asilimia 10 na udongo tifutifu, kila mita 15 hadi 20 si nyingi. Kwenye mteremko mdogo achanisha zaidi. Tembo nao hutumia njia hizi, na gogo lililozikwa nusu hawaliheshimu hata kidogo. Sababu nyingine ya kupenda la udongo.

Sasa fyekeo. Upana wa mita moja kila upande ni wa kutosha, lakini urefu usiupime kwa mtalii mwenye begi. Upime kwa mpagazi mwenye mzigo kichwani: mita 2.5. Miti midogo ikatwe usawa wa ardhi, kisiki kiwe bapa. Kisiki kilichokatwa mshazari ni mkuki unaosubiri mguu. Matawi yatupwe bondeni, yasiingie kwenye milango ya maji. Mti mkubwa ulio hai usiguswe bila neno la hifadhi.

Upupu unastahili aya yake. Kiangazi maganda hukauka, na pigo moja tu la fyekeo hurusha vinyweleo juu ya kikosi chote. Atangulie mtu wa kuutafuta. Ukionekana, upepo ukivuma kuelekea kwenu, acheni hadi asubuhi yenye umande, vinyweleo vikiwa vimelowa. Aliyepatwa asikune wala asijifute kwa mkono. Bandika selotepu na kuinyofoa mara kadhaa, kisha maji na sabuni. Nguo zake zisilale hema moja na za wenzake.

Miti iliyoanguka ndiyo inayovunja watu. Kabla ya msumeno, kila mtu aseme gogo limeegemea wapi. Likiwa limeshikwa ncha zote mbili, upande wa juu umebanwa: msumeno ukizama tu, piga kabari nyuma yake, vinginevyo utanaswa. Likiwa linaning'inia upande mmoja, kata kwanza theluthi ya chini, ndipo umalizie juu, au litapasuka kwa urefu. Simameni upande wa mlima, chini asiwepo mtu. Msumeno huu kila mmoja anavuta, hakuna anayesukuma. Wawili wakishindana nguvu, bamba linapinda. Watu wa mapanga wawe mita 3 mbali na mwenzao, na anayepita nyuma ya mtu apaze sauti "Napita!" na asubiri kuitikiwa.

Kuhusu vijana wenyewe. Posho, siku za kazi na nani analipa matibabu vizungumzwe kabla ya kupanda, mbele ya wote. Kazi izunguke kila siku, jikoni pia. Ukiacha tu mambo yaende, siku ya tatu utakuta wasichana wote wako kwenye sufuria na msumeno una wenyewe. Anayetembea polepole atangulie. Kazi ianze saa 1 asubuhi, iishe saa 9 alasiri, na kila nusu saa wanaochimba wabadilishane na wanaobeba, kabla malengelenge hayajapasuka. Chakula kwa mtu kwa siku: unga gramu 400, mchele 250, choroko au dengu 150, karanga 100, sukari 60, mafuta vijiko vitatu vikubwa. Maharage yaachwe nyumbani, yanamaliza mafuta ya jiko. Mzozo wa kikosi huanzia kwenye sukari, kwa hiyo igawe kwa siku, kila siku na mfuko wake. Maji yachemshwe au yatiwe vidonge, hata yale ya kijito kinachoonekana safi. Akiumwa na nyoka: atulizwe, kiungo kifungwe banzi kisichezeshwe, abebwe. Hakuna kuchanja wala kukaza kamba.

Msimu mzuri ni Juni, masika yameisha na udongo bado una unyevu wa kushikana. Oktoba rudini watu watatu tu kusafisha milango ya maji. Na mvua ikiwakuta kazini, radi ikiwa mbali, msikimbilie hema. Vaeni makoti, chukueni jembe moja, mtembee polepole: kila dimbwi linaonyesha penye kosa, na kulitolea maji wakati huo ni kazi ya dakika mbili.