Nilivyofaulu Somo la Fedha kwa Daftari la Jenetiki

Nilipojiunga na shahada ya uzamili inayounganisha bioteknolojia na usimamizi wa biashara, walionitangulia walinipa ushauri uleule: sahau maabara, kariri istilahi za wahasibu. Niliutii muhula mzima, na hadi leo unaniudhi. Nilinunua hata vitabu vitatu vinene vya fedha, kwa bei iliyoniuma, na kimoja sijakifungua.

Zoezi lililoniumbua lilikuwa la kukadiria thamani ya dawa ambayo ilikuwa bado haijajaribiwa kwa binadamu. Mara ya kwanza nilihesabu mauzo ya miaka 20 kwa kuwa hataza, yaani haki ya mvumbuzi ya kuuza peke yake, hudumu miaka 20, nikasahau kwamba muda huo huanza siku ombi linapowasilishwa, si siku dawa inapofika sokoni. Majaribio na ukaguzi vikishakula miaka 12, mwenye dawa hubakiwa na minane tu ya kuuza bila mshindani. Mhadhiri aliusoma utajiri wangu mbele ya darasa, polepole, bila kuongeza neno. Mara ya pili woga ulinizidi: nilipunguza mapato kwa uwezekano wa kushindwa, kisha nikapandisha na kiwango cha punguzo, yaani asilimia ya kushushia thamani ya fedha za miaka ijayo, kwa sababu ya hatari ileile. Hatari moja niliitoza mara mbili, na dawa ikawa mzigo usiofaa hata kugawiwa bure.

Kilichoniokoa ni daftari langu la jenetiki. Nilichora mti wa uwezekano, kama nilivyozoea kufuatilia urithi wa vinasaba kutoka kizazi hadi kizazi. Katika zoezi letu, awamu ya kwanza ya majaribio ilipewa uwezekano wa kufaulu wa 0.6, ya pili 0.3, ya tatu 0.6, na idhini 0.9, ukizizidisha unapata takriban 0.097, yaani dawa moja kati ya kumi. Ujanja ambao bado naringia uko kwenye gharama: fedha za awamu ya tatu, iliyo ghali kuliko zote, hazitumiki ila dawa ikishavuka mbili za mwanzo, kwa hiyo nazo huzidishwa kwa 0.18. Wenzangu waliotoka benki walizitoza zote kamili. Jioni ile walikuja kuniuliza mimi, niliyekuwa bado nachanganya mali na madeni kwenye mizania.