Kuimba kwa Akili: Tafakari ya Juma kwa Wanaosomea Muziki na Wanaowatuma

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Masomo ya juma hili ni 1 Nyakati 25:1–8 na 1 Wakorintho 14:6–17. Tunawaombea vijana wetu walio vyuoni, hasa wale wanaosomea muziki, kundi ambalo katika maombi ya usharika hutajwa mwisho, baada ya madaktari na wahasibu, kama likitajwa.

Kila usharika una mzee mmoja anayeuliza: kuimba nako kunasomewa? Kipaji ametoa Mungu, Roho ndiye mwalimu, sasa ada ya nini? Kitabu cha Mambo ya Nyakati kinamjibu kwa hesabu. Daudi aliwatenga wana wa Asafu, Hemani na Yeduthuni, na waliofundishwa kumwimbia Bwana, wote stadi, walikuwa 288. Waligawanywa zamu 24, kila zamu watu 12, na kura ikapigwa kwa wote sawasawa, mwalimu na mwanafunzi. Kwa hiyo katika nyumba ya Bwana palikuwa na wanafunzi. Sura ya 15, mstari wa 22, Kenania anawekwa juu ya uimbaji kwa sababu moja tu iliyoandikwa: alikuwa stadi. Haikutajwa sauti yake tamu.

Paulo naye anasema, “nitaimba kwa roho, tena nitaimba kwa akili pia.” Mara nyingi tunaishia hapo na kuufanya mstari uwe wa kutuliza ugomvi kati ya kwaya ya vijana na wazee. Tusome mstari unaofuata. Shida ya Paulo ni yule aketiye asiyejua kinachosemwa: ataitikaje Amina? Akili anayoidai Paulo ni kwa ajili ya jirani. Basi tuchukue kipimo hicho, Amina ya aliyeketi benchi la nyuma, tuingie nacho darasani.

Darasa la karibu nasi ni la Makumira, chuo kikuu cha Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) kilichopo Usa River, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi. Kabla hakijawa chuo kikuu kilikuwa chuo cha theolojia, na hapo ndipo aliposoma Bernard Kyamanywa, Mhaya, aliyeandika mwaka 1966 maneno ya “Mfurahini, Haleluya” kwa tuni ya kwao. Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyefundisha hapo, aliutafsiri kwa Kiingereza, na leo makanisa ya Marekani yanauimba Pasaka. Tutaurudia wimbo huo kidogo baadaye, maana una jambo la kutufundisha.

Wanafunzi wengi huingia chuoni wakijua solfa peke yake, yaani kusoma wimbo kwa herufi za do, re, mi. Si aibu. Mfumo huo aliueneza John Curwen (1816–1880), mchungaji wa Uingereza, akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, na shabaha yake ilikuwa watoto wa shule ya Jumapili na watu wasio na kinanda nyumbani waweze kusoma wimbo wasioujua. Herufi saba, nukta na vistari: mashine yoyote ya taipu iliuchapa, ndiyo maana ulisafiri na wamisionari hadi kwetu. Solfa huzoeza sikio vizuri kuliko nota za mistari mitano. Lakini wimbo ukibadilisha ufunguo (mahali do inapokaa) katikati, solfa inasumbua; midundo ya ngoma haikai humo vizuri; na mpiga tarumbeta hana la kufanya nayo. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwanzo ni kulifundisha jicho kile ambacho sikio linakijua: kuweka mkono kwenye mistari mitano, kuitafuta do ya ufunguo huo, kuimba kwa solfa huku macho yakiwa kwenye nota. Dakika 15 kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi. Kinachowaangusha wengi ni kukariri. Mwenye sikio jepesi hudandia sauti ya mwenzake na kuonekana anasoma, hadi siku anapopewa vipimo vinane (vile vipande vya wimbo kati ya mstari wima na mwingine) ambavyo hajawahi kuviona, aviimbe peke yake.

Kisha kupanga sauti nne. Hapa kanuni ni nyingi na mwanafunzi hulalamika, lakini zipimeni kwa yule wa benchi la nyuma. Mipaka ya kufanyia kazi na kwaya ya kawaida ni hii: soprano kutoka C ya kati hadi G iliyo juu ya mistari, alto kutoka G ya chini ya C ya kati hadi C inayofuata juu, teno kutoka C ya chini hadi G iliyo juu ya C ya kati, besi kutoka F ya chini kabisa hadi C ya kati. Kati ya soprano na alto, na kati ya alto na teno, nafasi isizidi oktava, yaani kutoka do hadi do inayofuata. Teno na besi wanaweza kuachana zaidi. Mwalimu wa kwaya anayewapandisha teno hadi A na B mstari mzima hapati utukufu, anapata makelele: vijana wanakaba koo, maneno yanapotea, na kufikia ubeti wa tatu wameshuka wote.

Tuseme neno kuhusu huko kushuka, kwa sababu ndilo gonjwa la kwaya zinazoimba bila kinanda. Wimbo unaanza F, unaishia E, na lawama inawaangukia besi. Mara nyingi chanzo ni mi na ti, ambazo huimbwa chini kidogo katika kila sauti inayozishika. Pengine ni noti moja inayorudiwarudiwa: kila mara inapopigwa tena inalegea kidogo. Au pumzi imekatwa mahali pabaya, na neno la mwisho linaimbwa kwa mabaki. Dawa: kwaya ishike do kwa mdomo uliofumba, kila sauti ipande mi juu yake polepole mpaka chumba kitulie, noti zinazorudiwa ziimbwe kwa nia ya kupanda, alama za kuvuta pumzi ziandikwe kwenye karatasi. Kama bado unashuka, inueni ufunguo nusu toni. Inashangaza jinsi wimbo unaoanguka katika F unavyosimama katika F kali.

Lakini somo ambalo, kwa maoni yetu, peke yake linatosha kulipia ada ni kuoanisha maneno na tuni.

Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. BWA-na, MU-ngu, mwo-KO-zi. Tuni nyingi tulizopokea kutoka Ujerumani na Uingereza huanza na kipigo chepesi na kumalizia mstari kwenye kipigo kizito, kwa sababu lugha zile zina maneno mengi ya silabi moja yenye uzito. Kiswahili karibu hakina mwisho wa namna hiyo. Chukueni tuni ya mpangilio wa silabi 8.6.8.6, muiwekee maneno haya ya mfano: “Bwana Mungu wetu mwema.” Silabi ni nane, hesabu imetimia, na mtunzi asiyesoma anaridhika. Ukiimba, kinachotoka ni bwa-NA mu-NGU we-TU mwe-MA. Maneno manne, yote yamekaziwa kwingine. Msharika aliyeuzoea wimbo tangu utotoni hasikii kasoro, lakini mgeni, au mtoto, husikia sauti tu na kusubiri mahubiri ndipo aelewe.

Marekebisho yana hatua. Kwanza soma maneno kwa sauti kama unavyozungumza sokoni, na uweke alama ya penseli kwenye kila silabi yenye mkazo. Pili, piga makofi ya vipigo vizito vya tuni huku ukiyasema maneno; palipogongana, zungushia duara. Tatu, sogeza. Ukiongeza silabi moja nyepesi mwanzoni, “Ee Bwana Mungu wetu mwema,” mikazo yote inakaa: ee BWA-na MU-ngu WE-tu MWE-ma. Sasa umebaki na silabi moja zaidi, “ma,” isiyo na noti. Usiifinye. Igawe noti ndefu ya mwisho: ikiwa ni ya vipigo vitatu, “mwe” ichukue viwili na “ma” kimoja, kwa sauti laini. Sauti zote nne zigawe pamoja, la sivyo teno watabaki wanashikilia “mwe” wenzao wakiwa wamefunga.

Halafu kuna ile m. Katika “mtu” silabi ni mbili, na iliyo na mkazo ni m yenyewe. Inahitaji noti yake, midomo ikiwa imefungwa, sauti ikipita puani. Waimbaji wengi hawaiamini, wanaiongezea u na kuimba “mutu,” hasa pale ambapo lugha ya nyumbani inasema hivyo. Lakini “mbingu” ni silabi mbili tu, mbi na ngu, na mtunzi anayeipa m noti yake hapo anaharibu. Rudini sasa kwa “Mfurahini, Haleluya”: m-fu-ra-HI-ni, ha-le-LU-ya. Mwandishi aliyeanza na Kiswahili na tuni ya watu wake hakuwa na vipigo vya kigeni vya kuvunjia maneno.

Kanuni nyingine za darasani zinahitaji busara zaidi. Mwalimu atakukataza sauti mbili zisitembee sambamba kwa umbali wa tano au wa oktava. Sababu yake ni ya kweli: katika mtindo wa kikorali (nyimbo za kanisa za sauti nne) wa Kijerumani, sauti zikifanya hivyo sikio huzisikia kama moja, na nne zimekuwa tatu. Kisha nenda Dodoma. Wagogo huimba kwa ngazi ya sauti tano, na sauti zao hutembea sambamba kwa umbali wa nne na wa tano kwa makusudi, na ndiyo utamu wenyewe. Hukwe Zawose (1938–2003) alizunguka dunia na zeze la nyuzi na ilimba ya kupigwa kwa vidole gumba akiwasikilizisha watu muziki huo. Mwanafunzi anayerudi Ugogoni na kuwasahihisha akina mama kwa kitabu cha korali hajasoma, amekariri. Chuo kizuri cha Kikristo humfundisha yote mawili na kumwambia kila kanuni ni ya nyumba gani.

Kinanda tukiseme kwa ufupi, ingawa ndicho kinachowatoa watu machozi. Wimbo wa sauti nne haufunzwi kwa mikono yote na sauti zote kwa pamoja. Anza na besi peke yake kwa mkono wa kushoto, polepole, metronomu (kifaa cha kuhesabu vipigo) ikiwa 60 kwa dakika au chini. Kisha soprano peke yake. Kisha hizo mbili. Ndipo alto iongezwe, na teno mwisho. Vipimo vinne kwa siku vinatosha. Wapigaji wa makanisani mwetu hutegemea kile kitufe cha kuhamisha ufunguo: vidole vinabaki C, kitufe kinafanya kazi. Siku umeme unapokatika na usharika una kinanda cha kukanyaga tu, mpigaji anajua C na wimbo uko E bemol (nusu toni chini ya E). Au amesahau kukirudisha sifuri baada ya kwaya ya vijana, na liturgia inaanza toni moja na nusu juu. Mchungaji anaumia shingo, washarika wananyamaza. Matarumbeta nayo yana mtego wake: anayefuata desturi ya Kijerumani husoma nota kama sauti inavyosikika, aliyejifunza kwenye bendi ya shule akiwa na tarumbeta ya B bemol husoma nota zilizohamishwa. Wakipewa karatasi moja watapishana toni nzima, kila mmoja akiwa sahihi kwa kitabu chake. Ulizeni kabla ya ibada.

Sasa sisi tunaowatuma. Usharika ukishamlipia kijana ada, humsubiri likizo ya kwanza kwa orodha: kwaya kuu, kwaya ya vijana, shule ya Jumapili, na mashindano ya jimbo mwezi ujao. Huyo bado anajifunza kusoma mistari mitano. Anarudi chuoni amechoka, na mbaya zaidi amerudia mazoea yote ya zamani kwa sababu hakuwa na muda wa kufanya lingine. Mpeni kwaya moja na wimbo mmoja. Mpeni ufunguo wa kanisa saa ambazo hakuna ibada, akae na kinanda saa moja asubuhi na saa moja jioni, na atakayepita asimwambie “tupigie na ule wimbo wetu.” Karatasi za nyimbo zilizoandikwa kwa mkono kabatini mpeni azipange na kuzinakili, nyingi hazina jina la mtunzi wala ufunguo, na wazee wanaozikumbuka wapo bado.

Kwa kwaya, kazi ya juma hili ni moja. Chagueni wimbo wa Jumapili ijayo, someni maneno yake bila tuni, mara mbili, wote pamoja. Kisha mmoja wenu aende akae benchi la mwisho karibu na mlango, asiwe na karatasi, mwimbe beti zote. Aandike maneno aliyoyasikia, yale tu aliyoyasikia, na mwalimu aanzie mazoezi hapo.