Siku moja ya fundi AC Mji Mkongwe, Zanzibar, na posho ya elfu ishirini na tano

Saa 11:40 alfajiri

Nijitambulishe kwanza msije mkaniuliza mambo ya bichi na boti za kwenda kisiwa cha Changuu. Mimi ni fundi wa AC na friji, maskani yangu Temeke, na bosi ananivusha maji kila hoteli ya Unguja inapolalamika kwamba wageni wanatoka jasho. Posho ya chakula ni 25,000 kwa siku, ikibaki ni yako, ikipungua pia ni yako. Sasa kwenye mji ambao samaki na chipsi mbele ya bahari unaambiwa dola 15, hiyo posho kwa haraka haraka haifiki hata mlo mmoja, ila mimi nakula kutwa nzima nashiba na chenji inabaki. Nimechagua kuwasimulia Ijumaa kwa sababu Ijumaa ndiyo inawapiga chenga wageni.

Adhana imeshaniamsha. Gesti yangu iko Mlandege, yaani ng'ambo ya ile barabara ya Creek (jina la sasa ni Benjamin Mkapa ila wengi bado wanasema Creek). Ukilala upande huu tayari umeokoa hela, maana ukivuka tu kuingia ndani ya Mji Mkongwe kuelekea baharini bei inapanda kila kichochoro, na ukiiona bahari ndio basi tena.

Saa 1 asubuhi

Chai. Kuna mama anapika barazani kwake, nyuma nyuma huku, hana kibao, hana menyu, ana benchi mbili na meza ya plastiki na ndoo yenye bomba ya kunawia. Ukichelewa mpaka saa 3 unakuta anaosha masufuria.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, mmekuja tena na mavyuma yenu? Kaa, chapati bado za moto."

Chapati mbili, maharage ya nazi, chai ya tangawizi, jumla 2,500. Yale maharage sasa, tui zito limeganda juu kidogo, chumvi imekaa sawa, unamega chapati unachovya mpaka sahani inang'aa. Pembeni yangu wamekaa wachuuzi wa soko la Darajani na wachukuzi wa mikokoteni, na hapo ndipo penye kipimo changu. Mtu anayesukuma mzigo hawezi kula chakula kidogo na hawezi kulipa hela nyingi, kwa hiyo alipo mchukuzi asubuhi wewe kaa. Halafu hapo hakuna papasi. Wale vijana wanaoganda na wageni kuwapeleka sehemu kwa kamisheni huku hawafiki, hakuna cha kukatiwa.

Saa 2 na robo

Kazi iko Shangani, hoteli fulani ya ghorofa tatu, nyumba ya zamani ina ngazi za mbao zinalia kila hatua. Gari haliingii, kwa hiyo mtungi wa gesi, vakyumu pampu (ya kunyonya hewa kwenye mabomba) na mabomba ya kopa zote zinapanda mkokoteni wa mzee mmoja ambaye kila nikija namtafuta yeye, namwita ami, na yeye ananiita mwanangu wa bara. Ami ana miaka na mikaka anasukuma mizigo humu ndani, vichochoro anavijua akiwa amefumba macho, na mimi hela ninayomlipa naihesabu ni ya usafiri na ya elimu pia maana sehemu zangu zote nzuri za kula kanionyesha yeye.

Njiani tunapita migahawa inayoandaa kifungua kinywa, vibao vimeandikwa kwa chaki, kahawa ya maziwa dola tano. Ami akasoma akacheka peke yake hakusema kitu.

Saa 4 asubuhi

Kazi yenyewe nisiwachoshe. Chumvi ya bahari imekula kondensa (ile sehemu ya AC inayotoa joto nje), mapezi ya alumini ukiyagusa kwa kidole yanabomoka kama kashata, na hakuna dawa hapo zaidi ya kubadilisha. Sema nilichotaka kuwaonyesha ni mlango wa nyuma. Saa 4 hivi akaja dada na beseni amelifunika kitambaa, vitumbua na sambusa, na waliotoka kununua ni wapishi wa hoteli wenyewe. Wale wale wanaopika samaki wa dola 15! Nikawauliza mchana mnakula wapi, wakanitajia sehemu tatu chap chap na wakabishana ipi ina mchuzi mzuri. Ukiwa mgeni mahali usiulize mapokezi, pale utapewa kijikaratasi chenye picha. Zunguka nyuma umuulize mlinzi, dobi, au mpishi akiwa kwenye mapumziko. Vitumbua vinne na chai, buku moja.

Saa 6 mchana

Hapa ndipo penye chenga. Ijumaa ikifika saa 6 maduka yanaanza kufungwa moja moja, mabaraza yanabaki matupu, na kanzu zinaelekea msikitini kila upande. Wageni wanazurura na njaa hawajui kuna nini, wanaishia kwenye migahawa ya baharini ambayo ndiyo iko wazi, wanalipa walichoambiwa. Ama kula kabla ya saa 6, ama vumilia watu watoke kuswali. Mimi huwa navumilia kwa sababu kinachotoka baada ya swala kina maana. Na kama safari yako itaangukia Ramadhani basi jipange kabisa, mchana migahawa ya wenyeji imefungwa na hata kula hadharani ni kukosa adabu, ila jioni inavyofika mji mzima unanukia.

Nikatumia muda huo kufanya vakyumu kwenye mashine ya ghorofa ya pili.

Saa 7 na nusu mchana

Biriani! Ijumaa bila biriani hapa mjini sijui ni Ijumaa gani. Watu watakutajia Passing Show ya Malindi na Lukmaan ya Mkunazini na hawajakosea, ni pazuri na shilingi zinatumika, ila Lukmaan wageni wameshaigundua siku nyingi kwa hiyo mchana unaweza kupanga mstari na mabegi ya mgongoni mbele na nyuma. Faida ya sehemu kama ile kwa mtu asiyejua majina ya vyakula ni kwamba chakula unakiona kabla hujaagiza, unaonyesha kidole tu.

Mimi nilifuatana na ami. Tukaingia chumba kimoja Malindi, feni mbili, meza zimefunikwa mpira wa maua, watu wanne hawajuani wanakula meza moja na hakuna anayeona ajabu. Kijana anapakua wali kutoka sufuria kubwa, ule wa rangi mbili tatu, halafu masala anaichota kwenye sufuria nyingine kabisa, kitunguu cha kukaanga juu, achari pembeni na ndizi moja mbivu. Kwa biriani ya Unguja masala na wali havipikwi vikachanganywa pamoja, vinakutana kwenye sahani yako, na ndio maana ukipewa kijiko cha masala ya ziada unashukuru. Nilimwambia "kaka niongezee rojo," akaniongezea bila neno. 6,000, na juisi ya ukwaju 1,000. Ami nilimlipia mimi ila hiyo siiweki kwenye hesabu, ni heshima tu.

Meza ya jirani aliingia kaka mmoja mtalii, nadhani Mtaliano, peke yake, akakaa anasubiri menyu. Dakika kumi nzima. Hakuna aliyemdharau, ni kwamba hapo mtu akitaka kula anasema. Mwisho ami akamwambia kwa Kiingereza chake cha bandarini "biriani, good," na akaletewa. Alilipa bei ile ile tuliyolipa sisi, nilikuwa naangalia.

Saa 10 alasiri

Mashine mbili zimepona, ya tatu inasubiri kondensa ya kesho kutoka Dar. Nimetoka na njaa ya jioni ile isiyo njaa hasa, na dawa yake ni urojo.

Naomba niwasimulie taratibu. Dada ana sufuria ya urojo wenyewe umeshika rangi ya manjano, mwepesi, mchachu wa embe mbichi na ndimu, uko juu ya moto mdogo. Anachukua bakuli, anakatia mbatata za kuchemsha, anavunja bajia mbili na kachori moja kwa vidole, mshkaki anauchomoa kwenye kijiti, anauliza "yai?" ukikubali anakata nusu nusu. Anamwaga urojo mpaka vitu vinaanza kuelea. Chatini ya nazi, pilipili (anakuangalia usoni kwanza ajue wewe ni wa wapi), na mwisho kabisa anarusha chipsi za muhogo nyembamba juu ili zisilowe kabla hujaanza. Unakula kwa kijiko umekaa kwenye kizingiti cha nyumba ya mtu. 2,500.

Hii hii Forodhani, kwenye bustani ya baharini, inapatikana na sio mbaya, ila ya mtaani inaisha mapema kwa sababu watoto wa shule na kina mama wanaibeba kwa vifuko kupeleka nyumbani. Ukisikia mtu anakwambia urojo wa hapa sio mzuri, ujue alikula saa 3 usiku.

Saa 11 jioni

Jaws Corner, kahawa. Kikombe kidogo 200, nikanywa viwili na kashata moja, jumla 600. Kahawa chungu haina sukari, inatoka kwenye dele lililokaa kwenye mkaa, na wazee wanapiga dhumna kwa kelele utadhani wanagombana. Siasa, mpira, nani kafariki. Ukikaa kimya na kikombe chako hakuna anayekusumbua, na kwa 600 sijaona pahala pengine mjini pa kupumzisha miguu kwa bei hiyo. Ukitaka kupiga picha omba kwanza, wazee wengine hawapendi na wana haki.

Saa 1 na nusu usiku

Forodhani nimepita kwa sababu ukija Unguja usipite utaulizwa. Bustani tangu ilivyokarabatiwa na watu wa Aga Khan 2009 inapendeza, nyuma yako Ngome Kongwe, pembeni mabati yaliyozungushiwa Beit al-Ajaib, lile jumba la kale lililoporomoka upande mmoja Desemba 2020, mbele vijana wanajirusha baharini. Meza zimejaa kamba, pweza, ngisi na jodari kwenye vijiti, taa zinamulika.

Nisiwe mnafiki, kwa macho ni sehemu nzuri mno. Kwa mfuko ni kuwa makini. Bei haijaandikwa, na kijana wa kofia nyeupe anakusomea usoni. Alinianza na "my friend, lobster," nikamjibu "kaka mimi wa Temeke," akacheka na bei ikashuka hapo hapo. Mgeni asiyejua lugha aulize bei ya kila kijiti kabla hakijawekwa kwenye moto, baada ya hapo hakuna mjadala. Samaki mwingi umeshapikwa mapema, hapo unapashwa tu, kwa hiyo ukitaka kitu kinachopikwa mbele yako chukua pizza ya Zanzibar, unaona unga unavutwa mwembamba, nyama ya kusaga, kitunguu, yai, unakunjwa unakaangwa. Mimi nilichukua juisi ya miwa tu, yenye ndimu na tangawizi, 2,000.

Saa 3 usiku

Chakula cha usiku nakula nikirudi, Michenzani, kwenye yale maghorofa marefu waliyosaidia kujenga Wajerumani Mashariki. Huku ndiko wenyeji wanakonunua usiku, familia zinateremka na sahani zao kutoka juu kabisa. Mkate wa ufuta mmoja wa moto 1,000, mishkaki mitano ya 500 500. Mkate unaupasua, unapangusia mishkaki humo ndani unatoa vijiti, unamwagia ukwaju. Nilikula nimesimama, mafuta yanafika kwenye kiwiko, simu inaita ni bosi, sikupokea.

Jumlisheni wenyewe, kutwa nzima 19,100. Kilichobaki nimeweka vocha.

Kesho kondensa ikifika na boti ya asubuhi namalizia Shangani halafu Jumapili natakiwa Nungwi siku mbili, na Nungwi ni hoteli kwa hoteli, ukitoka geti moja unaingia lingine. Najua kijiji chenyewe kiko nyuma na watu wanakula, ila sina ami wa kule. Mlioko Nungwi, mama gani anapika maharage asubuhi na anaanza saa ngapi?