Mahakama ya Mazoezi na Swali la Mpaka wa Hoja

Kila ninapoalikwa na wanafunzi wa sheria kuketi kama jaji katika mahakama ya mazoezi inayoigiza Mahakama ya Juu ya Kenya, shauri wanalopendekeza huwa ni kesi ya kupinga uchaguzi wa rais. Ninaelewa kinachowavutia. Katiba ya mwaka 2010 inawapa majaji siku 14 pekee za kuamua kesi hiyo, taifa zima huifuatilia kwenye televisheni, na uamuzi wa tarehe 1 Septemba 2017, ambapo majaji wanne walifuta matokeo huku wawili wakipinga, ungali unajadiliwa. Hata hivyo, mazoezi ya namna hiyo hugeuka upesi kuwa mabishano kuhusu fomu na hesabu za kura. Siku hizi mimi huwashauri wachukue shauri la Muruatetu, mtu aliyehukumiwa kifo kwa mauaji.

Katika shauri hilo, lililoamuliwa tarehe 14 Desemba 2017, mahakama haikufuta adhabu ya kifo. Ilichokataa ni ulazima wake: kwamba jaji akishamtia mtu hatiani kwa mauaji hana hiari tena, hata kama mshtakiwa ana mambo mazito ya kueleza ili apunguziwe adhabu. Mwanafunzi anayesoma haraka huikosa tofauti hiyo, na akiikosa hoja zake zote huenda mrama.

Kifungu cha 163(7) cha Katiba kinasema kwamba mahakama nyingine zote zinafungwa na maamuzi ya Mahakama ya Juu, lakini yenyewe hakiifungi kwa namna hiyo. Kwa hiyo wakili anayesimama pale haombi tu mteja wake ashinde. Anawaomba majaji waweke kanuni itakayotumika na mahakama zote nchini, hata katika kesi za watu asiowajua. Wanafunzi wetu wengi hufika na mazoea ya Mahakama Kuu, yaani kurundika maamuzi ya awali, kana kwamba wingi wake utatosha.

Katika kikao kimoja, mwanafunzi aliyewawakilisha warufani alizungumza kwa ufasaha mkubwa mpaka jaji mwenzangu alipomuuliza: "Wakili, tukikubaliana nawe, je, aliyehukumiwa kifo kwa wizi wa mabavu naye arudi mahakamani kesho?" Alifungua faili, akapekua kurasa mbele na nyuma, kisha akajibu kwamba wateja wake walishtakiwa kwa mauaji tu. Jibu hilo lilikuwa kweli, lakini halikutosha, kwa sababu msingi aliokuwa ameujenga, kwamba haki haitendeki pale jaji anapozuiwa kumsikiliza mtu kabla ya kumwadhibu, haukuwa na chochote kinachoukomesha kwenye mauaji.

Wala swali hilo halikuwa la darasani tu. Baada ya hukumu ya 2017, baadhi ya mahakama za chini ziliutumia uamuzi huo katika kesi za wizi wa mabavu na hata za makosa ya ngono, na wapo wafungwa waliopunguziwa vifungo, hadi tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ilipoeleza kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji peke yake, na kwamba sheria nyingine zingepaswa kupingwa katika mashauri yake zenyewe. Kwa karibu miaka minne, mpaka wa hoja moja uligusa maisha ya watu waliokuwa gerezani, na ndiyo maana ninasisitiza wanafunzi wajifunze kuuchora wao wenyewe kabla hawajaulizwa.

Ningependa waandalizi wawatake mawakili wa kila upande wawasilishe, pamoja na hoja zao, amri wanayoiomba, ikiwa imeandikwa kwa mistari michache kama ambavyo ingesomwa na hakimu wa wilayani. Vilevile, badala ya majaji kujifungia chumbani kutoa alama, wajadiliane mbele ya wanafunzi, na mmoja wao apewe jukumu la kuandika na kusoma maoni ya wachache. Ukumbi ukikodishwa kwa saa chache tu, ni afadhali kupunguza hotuba za ufunguzi kuliko kukiacha kipengele hicho.